Dar–Dodoma–Chamwino: tulivyompeleka shangazi kutibiwa ukoma

Nimeshafika Dar, naandika hii kwa kuangalia picha za kwenye simu na vile vipande nilivyokua naandika kila jioni. Watu kadhaa niliokutana nao njiani waliniomba niweke gharama na njia, kwa sababu na wao wana mtu nyumbani. Kijiji sitakitaja, majina ya watu pia sitataja. Shangazi mwenyewe ameruhusu niandike, sharti lake ni moja tu, sura yake isionekane.

Chanzo cha safari ni picha. Binamu yangu alinitumia watsapu vidole vya mama yake vimeungua, malengelenge yamepasuka, anauliza anunue dawa gani ya kupaka. Jirani yangu hapa ni nesi, nikamuonyesha, akaniuliza swali moja: anasikia maumivu? Nikapiga simu kijijini. Hasikii. Nesi akasema usitume dawa ya moto, nenda.

Jumatano 29 Januari, Dar hadi Dodoma

Treni ya SGR, daraja la kawaida 31,000. Safari yenyewe haina la kusimulia, nililala kuanzia Morogoro.

Dodoma nikapanda bajaji, dereva mzee wa makamo, Mgogo. Redioni walikua bado wanaongelea Siku ya Ukoma Duniani iliyopita Jumapili yake (huwa Jumapili ya mwisho ya Januari). Nikamwambia ndicho kilichonileta. Akapunguza sauti ya redio kabisa, akasema enzi zao ukitaja ukoma watu walikua wanataja Hombolo, huko ndo kulikua na kituo cha wagonjwa tangu zamani, na upande wa Manyoni kuna makazi ya Sukamahela ambako wengine walizeekea hukohuko kwa sababu nyumbani hawakutakiwa tena. Alafu akauliza, "Kwani bado upo?" Hilo swali nimelisikia safari nzima, mpaka kwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Upo. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kile kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, ambacho ukoma unahesabiwa sio tatizo kubwa la afya ya jamii tena, ni hatua kubwa na waliofanya hiyo kazi wanastahili heshima, ila matokeo yake wengi tukaamini umeisha. Na huu ugonjwa hauna haraka, vimelea vinaweza kukaa mwilini miaka 5 hata 20 kabla dalili haijatokea.

Nyumba ya kulala wageni 20,000, safi, maji yapo. Ugali wa uwele na mlenda 3,000 jioni.

Kwa atakayepita njia hii: magari ya Iringa yanayopita Mlowa yapande asubuhi mapema pale stendi kuu ya Nanenane. Beba hela za chenji, huko ndani noti ya elfu kumi ni shughuli.

Alhamisi 30 Januari, Mlowa Barabarani na korongo

Usiku mvua ilinyesha mpaka nikajua kesho kuna kazi. Basi hadi Mlowa Barabarani 6,000, lami tupu mpaka hapo. Ukishuka ndo safari inaanza. Bodaboda kiangazi ni 10,000, kijana akaniambia kwa tope hili ni 18,000 na tukikuta korongo limejaa tunasubiri, hakuna kurudishiana hela. Tukakubaliana.

Korongo lilikua limejaa kweli. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo, siku ile maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita na matawi mazimamazima. Tulikaa pale zaidi ya masaa matatu. Kuna mama ana kibanda cha chai na maandazi, akanitolea kigoda, akaniwekea chai, nilivyotoa hela akakataa, akasema mgeni wa korongo halipi. Ng'ambo ya pili alikuepo mjamzito na mama mkwe wake wakielekea kliniki, wamekaa chini ya mbuyu na kanga kichwani, wamesubiri hivyohivyo kama sisi. Nikamuuliza yule mama wa chai, mtu akizidiwa inakuaje? "Mwezi huu tukiumwa tunangoja maji yapungue."

Yalivyopungua vijana wanne waliinyanyua pikipiki juujuu wakavuka nayo, 2,000 kwa wote.

Nimefika saa tisa mchana, nikasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, shikamoo kwa wazee, nikakaribishwa ndani. Sasa hapa ndo niliona kitu ambacho bado kiko kichwani. Sufuria ya ugali ilikua inachemka kwenye mafiga. Shangazi akainama, akaishika masikio yote mawili kwa mikono mitupu, bila kitambaa, bila majani, akaiipua taratibu kabisa huku anaongea na mimi habari za baba, akaiweka chini mbele yangu. Mjukuu akasema kwa kujivunia, "Bibi haogopi moto." Pale nyumbani ni sifa yake hiyo, miaka yote watu wanamsifia mikono ya kazi. Nilitazama vidole. Kimoja ngozi ilishabanduka na chini ni nyekundu, na yeye anaendelea na kazi tu.

Tulivyomaliza kula nikamuomba anionyeshe mkono. Juu ya kiwiko upande wa nyuma kuna baka kubwa kupita kiganja changu, rangi imefifia, kavu, halina vinyweleo, haliwashi. Lina miaka minne. Vidole viwili, cha mwisho na jirani yake, vimeanza kujikunja kuanzia Desemba, alidhani ni jembe.

Sio kwamba hakuenda popote. Zahanati moja alishaenda, zaidi ya mara moja, akapewa tyubu ya fangasi, ikaisha, akapewa nyingine. Mganga alichukua mbuzi wawili, akasema ni mkono wa mtu kwenye ukoo. Alafu watu wakaanza kuhisi. Kwenye misiba hawamuiti tena kupika. Kikombe chake kiko peke yake kwenye msumari, na aliyekitundika pale ni yeye mwenyewe, kabla mtu hajamwambia.

Nikamuuliza kwa nini hukwenda hospitali kubwa shangazi. Jibu lake naliandika kama alivyolisema: "Mwanangu, haliumi. Nichukue hela ya mbegu nikamwambie daktari nini?"

Nimelifikiria sana hilo jibu. Jino likiuma usiku mtu anauza kuku asubuhi. Malaria ikipanda mtoto anabebwa. Ila baka lisilouma litashindanaje na palizi, na mahindi yanayohitaji mbegu wiki hii kwa sababu Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, ukikosea mwezi umekosea mwaka? Ukoma unaua kwanza ile hisia ambayo ingekusukuma utafute nauli. Watu wa mijini tunasema wanavijiji hawana elimu. Shangazi alipiga hesabu yake vizuri kabisa, ila kwa taarifa aliyokua nayo ilikua ni kutupa hela.

Ijumaa 31 Januari, hospitali

Tulitoka saa kumi alfajiri, yeye alitaka hivyo ili majirani wasione. Bodaboda mbili, 36,000. Basi wawili 12,000. Kibarua wa palizi kule analipwa 5,000 kwa siku, kwa hiyo kabla hatujaona geti la hospitali tulishatumia siku tisa na zaidi za jembe.

Dirishani tukaambiwa hela ya faili kwanza. Dawa za ukoma ni bure duniani kote tangu 1995, hilo lipo, ila hakuna aliyetueleza pale, tukalipa 6,000, tukapanga foleni ya wagonjwa wote. Saa nne, saa tano, saa sita. Daktari kijana akaangalia mkono chini ya dakika moja akaandika cream. Shangazi akaanza kukusanya kanga yake, tayari kuondoka.

Aliyetuokoa ni mlinzi. Alituona tumesimama tunabishana na karatasi mkononi, akauliza kulikoni, nikamwambia. Akasema mmeenda dirisha silo, ulizeni mratibu wa kifua kikuu na ukoma, kile chumba cha nyuma karibu na maabara. Akaacha geti kwa mwenzake akatupeleka mwenyewe.

KUMBUKA HILI ndugu msomaji, ni la maana kuliko yote niliyoandika: kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Ukifika usianzie foleni ya kawaida, muulize yeye kwa cheo chake.

Mratibu alikua mtu mzima, mpole, anajua Kigogo. Alimsalimia shangazi kwa mkono, akaushika muda mrefu, na niliona bega la shangazi likishuka. Alafu akachukua pamba, akaisokota ncha iwe nyembamba kama uzi. Akamgusa kwanza kwenye ngozi nzima macho wazi ili aelewe, kisha akamwambia afumbe macho aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Shavu, akaonyesha. Bega, akaonyesha. Baka lenyewe likaguswa juu, kati, chini, na shangazi amekaa tu, macho amefumba, anasubiri aguswe. Mimi nimesimama pale naona pamba inatembea juu ya mkono wake. Kipimo kizima ni pamba ya shilingi ngapi? Na kingeweza kufanyika zahanati miaka minne nyuma.

Akapapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, umevimba kama kamba. Akahesabu mabaka mengine mgongoni ambayo hata sisi hatukuyajua. Akaangalia macho kama kope zinafunga vizuri. Mwisho miguu, na hapo akatoa mwiba wa mkakala unyayoni, umeingia wote, shangazi hajui uliingia lini.

Akatueleza taratibu. Ni bakteria, aligunduliwa na daktari wa Norway anaitwa Hansen mwaka 1873, hakuna ukoo uliolaaniwa hapo. Unaenezwa kwa hewa ya pua na mdomo kwa watu waliokaa karibu muda mrefu, na wengi wetu tuna kinga ya asili hatuupati hata tukiambukizwa. Sio kwa kushikana mikono wala kikombe. Akishaanza dawa, muda mfupi tu haambukizi mtu tena. Dawa ni mchanganyiko wa tatu, rifampicin, dapsone na clofazimine, kwa aina yake ni miezi 12, mwenye mabaka machache ni miezi 6. Mkojo utakua mwekundu siku ya kumeza dozi ya mwezi (ile ya mara moja kwa mwezi mbele ya mhudumu), asiogope. Ngozi itakua nyeusi zaidi kwa sababu ya clofazimine, itarudi polepole akimaliza. Hili la ngozi alilisema mara mbili, kwa sababu wapo wanaoacha dawa hapohapo wanapoona wanabadilika rangi na majirani wanauliza.

Kwa vile vidole ni vya tangu Desemba akampa na prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe wa mshipa, akasema mshipa ukiwahiwa ndani ya miezi sita kuna nafasi ya kurudisha nguvu, ukichelewa zaidi ni vigumu. Hakuahidi. Dozi ya kwanza ikamezwa palepale mbele yake, pakiti ya siku 28 tukakabidhiwa, na ile 6,000 ya faili akaenda mwenyewe dirishani ikarudi.

Shangazi akauliza jambo moja: kikombe.
Mratibu akamwambia, "Mama, kachanganye na vya wenzako leo hiihii."

Jumamosi 1 Februari, soko la Majengo

Tulilala mjini maana gari za kurudi tulizikosa. Asubuhi tukaenda Majengo kutafuta viatu. Shangazi anavaa katambuga, zile za tairi, imara sana kwa shamba, ila zimepigwa misumari na mguu usiosikia unaweza kutembea juu ya ncha ya msumari wiki nzima. Tuliambiwa tutafute soli ya ndani laini, ya nje ngumu, mkanda wa kufunga kisigino, isiwe ya kupita katikati ya vidole maana mtu anaikamata kwa vidole na vinaumia. Tulipata 15,000. Fundi viatu wa pembeni akasikiliza, akazichukua na zile katambuga, akang'oa misumari yote, akashona kwa uzi wa nailoni, akagundisha sponji ndani. Akakataa hela. Akasema mama yake ana kisukari, miguu ya hivyo anaijua.

Kila jioni: kuloweka miguu kwenye maji ya kawaida (ya moto hapana, hatajua yamemuunguza), kupaka mafuta yoyote hata ya kula, na kukagua nyayo kwa jicho, au mtoto amkagulie. Sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene. Mjukuu ndo tumempa hiyo kazi ya kukagua na anaifanya kwa makini sana.

Mchana tukarudi kijijini, korongo limekauka kiasi, hakuna cha kueleza. Jumapili mvua, hatukutoka.

Jumatatu 3 Februari, mratibu anakuja

Ijumaa ile alisema anatakiwa kuwaona wote wanaoishi naye nyumba moja. Nikapiga hesabu ya watu wanane, nauli kwenda na kurudi, nikanyamaza. Nadhani aliona. Akasema Jumatatu nakuja. Na akaja, kwa pikipiki, tope mpaka magotini, mafuta najua katoa mfukoni kwake maana niliuliza akabadilisha mazungumzo.

Aliwakagua mmoja mmoja nje chini ya mti, mchana kweupe, kwa pamba ileile. Kijana mdogo alikua na baka shavuni, nyumba nzima ikanyamaza. Akafumba macho, pamba ikagusa, akaonyesha palepale. Kila mara. Fangasi! Ile tyubu iliyobaki ya bibi yake sasa ikapata mwenyewe. Waliobaki hawakua na dalili, wakapewa rifampicin dozi moja ya kinga baada ya kuwauliza maswali ya kifua kikuu na mengine.

Majirani walianza kusogea, kwanza watoto, kisha akina mama. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye anaweza kuangaliwa. Mratibu hakumuangalia pale mbele za watu, akamwambia anakwenda zahanati saa nane, amkute. Niliipenda sana hiyo.

Zahanati ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na iko upande wetu wa korongo. Hapa ndo jambo kubwa lilipotatuliwa. Mpango wa kawaida ungekua shangazi afuate pakiti hospitali kila mwezi: boda 36,000 kwenda na kurudi, basi 12,000, jumla 48,000. Kwa bei hiyo ya tope, mara 12 ni 576,000. Ni zaidi ya siku 110 za kibarua kwa ajili ya dawa ya bure. Mtu akiacha katikati tunasema mtoro wa dawa. Wakakubaliana na mhudumu wa zahanati kwamba pakiti ziletwe pale na shangazi amezee dozi ya mwezi mbele yake. Yule mhudumu ni mgeni kituoni, akaomba afundishwe kile kipimo cha pamba, akajaribishia kwa shangazi, shangazi akafumba macho kama mwalimu.

Ukiwa na mgonjwa, ombeni hilo. Semeni wazi zahanati yenu ni ipi na njia inakatika miezi gani. Na waombe majina ya dawa yaandikwe kwenye karatasi, simu huko mtandao unashika ukipanda kilimani tu.

Jumanne 4 Februari, kurudi

Boda 12,000, njia imeanza kukauka. Yule mama wa korongo nilimletea sukari kilo mbili, alikataa kwanza.

Gharama yangu yote na vya shangazi, viatu, kulala, chakula na nauli, imefika karibu 330,000. Binamu hana hiyo hela, na wenzake wengi hawana hata wa kumpigia.

Nyongeza, mwanzoni mwa Machi

Pakiti ya pili imemezwa tarehe 28 Februari zahanati, binamu kanitumia picha. Ngozi imeanza kuwa nyeusi na watu wameuliza, shangazi anawajibu ni dawa na anawatajia mwezi atakaomaliza. Vidole bado vina ganzi, ila kufunga vifungo vya gauni amesema anaweza mwenyewe. Yule mwanamke wa sauti ndogo na yeye ameanza dawa.

Kilichobaki ni prednisolone. Haipo zahanati, dozi inapunguzwa kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili na ni lazima apimwe nguvu za mikono hospitali, kwa hiyo zile nauli hazijaisha, zimepungua tu. Zamu inayofuata ni Ijumaa tarehe 14. Kijana wa boda kasema korongo likijaa tena kuna njia ya kuzungukia juu, ndefu, 25,000 kwenda tu. Hela nimeshamtumia.